"Nimeanguka Tu, Mwalimu": mnyonya damu wa Uswidi na mtoto wa Kakuma

Mtoto amerudi nyumbani jioni na shavu lake lina mkwaruzo mrefu, mwekundu. Mama anamgeuza uso amtazame vizuri, anamuuliza amefanyaje. Mtoto anasema ameanguka wakati wa mapumziko. Mama anamhurumia, anamwambia awe mwangalifu, na habari inaishia hapo.

Mama huyo na mwanawe wako Blackeberg, kitongoji cha Stockholm nchini Uswidi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nje theluji imefunika kila kitu. Mimi nilikuwa Lodwar, kaskazini mwa Kenya, katika chumba cha mabati, feni ikizungusha joto lile lile, nikiitazama filamu hiyo kwenye kompyuta ya kuazima. Nikaisimamisha. Maneno yale yale niliwahi kuambiwa na mtoto wa darasa langu nilipokuwa nikifundisha katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Naye alikuwa na alama shavuni. Nami nilimjibu kama alivyojibu mama yule.

Filamu yenyewe kwa Kiswidi inaitwa Låt den rätte komma in, na wengi wanaijua kwa jina lake la Kiingereza, Let the Right One In. Kwetu ungesema: mkaribishe anayestahili kukaribishwa. Iliongozwa na Tomas Alfredson, ikatoka mwaka 2008, na mwaka huo huo ikatwaa tuzo ya filamu bora ya hadithi katika tamasha la Tribeca mjini New York. Aliyeiandika ni John Ajvide Lindqvist, kutokana na riwaya yake ya mwaka 2004, na Blackeberg ndiko alikokulia yeye mwenyewe. Wamarekani waliitengeneza upya mwaka 2010 chini ya mwongozaji Matt Reeves, lakini ninayoizungumzia hapa ni ile ya Waswidi.

Oskar ana miaka 12. Wazazi wake wametengana, anaishi na mama yake kwenye ghorofa, na shuleni kuna mvulana anayeitwa Conny ambaye, pamoja na wenzake wawili, humwita nguruwe. Usiku Oskar hushuka uani akiwa na kisu, akauchoma mti huku akiutamkia maneno yale yale anayotamkiwa mchana. Hapo ndipo mtazamaji anapoingiwa na baridi, hata kabla damu ya mtu yeyote haijamwagika. Mtoto amekwisha kuikariri lugha ya wanaomtesa, na sasa anatafuta wa kumsemesha.

Nyuma yake, juu ya ngazi za kuchezea watoto, anatokea msichana asiye na koti kwenye theluji. Jina lake Eli. Amehamia mlango wa pili na mzee mmoja, Håkan. Eli naye ana miaka 12, ila amekuwa nayo kwa muda mrefu sana. Anaishi kwa damu ya watu, na Håkan ndiye anayemtafutia, usiku, kwa kisu na dumu.

Wazee wa pwani na wa bara hawangeshangaa kusikia habari za wanyonya damu. Tangu zama za ukoloni kulikuwa na mumiani, na Nairobi na Kampala kulikuwa na hofu ya wazimamoto, watu waliosemekana kuteka raia usiku wakiwa na magari, wakawatoa damu na kuiuza. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 2000. Alichoonyesha ni kwamba watu waliposimulia habari za mumiani walikuwa wakisimulia habari za dola, mishahara, hospitali na magari ya wakubwa. Mumiani wetu alikuwa mtu mzima mwenye mamlaka. Eli ni mtoto, maskini, mchafu, ananuka, na hana mtu duniani ila mzee anayechakaa. Lindqvist alimchukua mnyonya damu akamshusha mpaka kimo cha mtoto wa shule, na ndiyo maana Oskar anaweza kumtazama machoni.

Nikiwa Lodwar sikuweza kuitazama damu ile kama wanavyoitazama Waswidi. Hapa damu ni chakula. Wafugaji wa Kiturukana humfunga ng'ombe au ngamia kamba shingoni mpaka mshipa ukavimba, wakautoboa kwa mshale kutoka karibu, damu ikakingwa kwenye chombo, kamba ikalegezwa na jeraha likazibwa. Mnyama anarudi malishoni. Anayetoa damu anajua kiasi, anajua mnyama yupi alitolewa lini, na mtoto wa mfugaji anajifunza mapema kwamba ukizidisha umejiua mwenyewe. Eli hajui kiasi. Anayemshika anakufa, au anakuwa kama yeye. Kuna mwanamke anaitwa Virginia ambaye Eli hakuwahi kummaliza. Yuko hospitalini, anaomba pazia lifunguliwe, mwanga wa asubuhi ya majira ya baridi unamgusa, na kitanda kinalipuka moto. Nilitazama nje dirishani, saa nane mchana, jua likichoma mikoma kando ya mto Turkwel, nikafikiri kwamba mambo haya hayawezi kutokea hapa. Kisha nikamkumbuka yule mtoto.

Sitamtaja jina, wala shule. Alikuja katikati ya muhula, amefika kutoka Kongo na shangazi yake. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kambi ya Kakuma ilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Ilifunguliwa mwaka 1992 baada ya maelfu ya wavulana wa kusini mwa Sudan kuwasili kwa miguu wakitokea Ethiopia. Darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya 100. Mvulana wa miaka 17 aliketi dawati moja na mtoto wa miaka 11, maana vita vilikuwa vimemnyima shule kwa miaka sita. Watu wa mbali husikia "darasa la tano" wakapiga picha ya watoto wa kimo kimoja. Darasa la kambini lina wanaume wenye ndevu na watoto waliong'oka meno ya mbele juzi, na mwalimu mmoja. Nguvu zilikuwa zimekwisha kugawanywa kabla sijaingia na chaki.

Mtoto yule alizungumza Kiswahili cha Kivu. Kila aliposema "niko naandika, mwalimu" darasa zima lilicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilimsahihisha mbele yao. Nilidhani nafundisha lugha. Nilichofanya ni kuwapa wenzake ruhusa. Tangu siku ile wakamwita Niko-niko, na jina hilo likamfuata hadi bombani.

Bomba la maji ndilo lililokuwa uwanja wa mambo haya, kama vile ilivyo njia ya kwenda shule, vyooni na nyuma ya duka. Unapanga foleni na jerikeni ya lita 20 tangu jua halijachomoza. Inajaa. Unaiinua, unapiga hatua tano, mguu wa mtu unapita, jerikeni inalala ubavu na maji yanaingia mchangani. Vumbi la Kakuma hunywa maji upesi sana. Baada ya dakika chache huoni hata alama ya tope. Ukirudi kwa shangazi bila maji unaulizwa ulikuwa ukicheza wapi. Hakuna ushahidi.

Siku aliyokuja na shavu limevimba nilimwita mezani.

"Umefanyaje?"

"Nimeanguka tu, mwalimu."

"Pole. Kakae."

Kiswahili kinasema mtoto "anaonewa". Nimelitafakari neno hilo sana tangu niitazame filamu hii. Ni kitenzi "ona" kilichonyooshwa kikawa "onea", na hapo hapo lipo pia "onea huruma". Anayeonewa ameonwa, lakini na wasiomtakia mema tu. Conny anamwona Oskar vizuri mno: anajua anapita wapi, anajua woga wake ukoje, anajua aguse wapi. Mama hamwoni. Mwalimu hamwoni. Baba yake, ambaye huonana naye siku za mapumziko, anamwona mpaka jirani atakapoingia na chupa. Baada ya hapo Oskar anabaki ameketi mezani kama kiti cha ziada. Kisha anakuja Eli, anamtazama shavu, anauliza, na hakubali jibu la kwamba ameanguka. Anamwambia awapige, na awapige kwa nguvu kuliko anavyothubutu.

Sipendi ushauri huo, lakini najua kwa nini mtoto aliupokea. Ndiye wa kwanza aliyeuliza mara ya pili.

Jambo linaloumiza zaidi ni kwamba Waswidi hawakuwa wajinga wa jambo hili. Mwaka 1969 daktari mmoja, Peter-Paul Heinemann, aliandika makala iliyowafanya Waswidi waanze kulizungumzia hadharani suala la watoto kumwandama mwenzao kwa kundi. Heinemann mwenyewe alifika Uswidi utotoni akiwa mkimbizi Myahudi kutoka Ujerumani ya Wanazi, na kilichomsukuma kuandika ni namna mwanawe wa kulea, mtoto mweusi, alivyokuwa akisumbuliwa na watoto wenzake. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Dan Olweus akatoa kitabu chake juu ya jambo hilo, na ndiye aliyekuja kuweka vipimo ambavyo bado vinatumika: vitendo vya kuumiza, vinavyorudiwa kwa muda, na nguvu zisizolingana. Norway ilianzisha kampeni ya kitaifa shuleni mwaka 1983, baada ya wavulana 3 kujiua mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Kwa hiyo Oskar anapochapwa fimbo shavuni, nchi yake ilikuwa na jina la jambo linalomtokea kwa zaidi ya miaka kumi, na vitabu juu yake. Vilikuwa kwenye rafu. Yeye alikuwa uwanjani.

Nasi tuna vitabu vyetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili na unyanyasaji. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inapiga marufuku adhabu ya viboko na kumtesa mwanafunzi kiakili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imekuja juu ya hizo. Hata hivyo, katika shule zetu nyingi za bweni mwanafunzi mgeni bado anaitwa "mono", na mateso yake yanasimuliwa na wazee wa shule kwenye harusi kama mzaha mtamu. Ilibidi magazeti yaandike habari za uonevu katika shule ya Alliance mwaka 2017, mwalimu mkuu akastaafu mapema, ndipo nchi ikatingishika kwa wiki kadhaa. Alliance ni shule ya wakubwa, ndiyo maana ilisikika. Bomba la maji la Kakuma halina wazee wa shule wenye magazeti.

Lipo sharti moja la wanyonya damu wa Ulaya ambalo mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Hawawezi kuingia nyumbani kwa mtu bila kukaribishwa. Sisi tuna neno la jambo hilo na tunalitamka kila siku: hodi. Mgeni anasimama nje, anaita, anangoja. Usipomjibu, haingii, hata kama mlango uko wazi. Katika filamu Oskar anamjaribu Eli: anamwonyesha kwa mkono apite, lakini neno halitamki. Eli anaingia. Anasimama katikati ya chumba, mwili unaanza kutetemeka, na damu inamchuruzika kichwani, masikioni, machoni, ikapenya hadi kwenye nguo. Oskar anamkimbilia, anamkumbatia, anapaza sauti kwamba anakaribishwa.

Sijaona sinema nyingine iliyoonyesha waziwazi namna hiyo gharama ya kuingia mahali ambapo hakuna aliyekwambia karibu. Kakuma na Kalobeyei, makazi yaliyoanzishwa jirani yake mwaka 2016, zimejaa watoto walioingia hivyo. Wana kadi ya mgao, wana namba ya kaya, wana dawati. Hawana aliyewaambia karibu. Na mtoto wa Kiturukana naye, anayeketi nao darasa moja katika ardhi ya babu zake, mara nyingine anachekwa kwa sababu ametoka kwenye awi, boma la wafugaji, akinuka moshi na mbuzi. Uonevu wa huku haufuati mstari wa mwenyeji na mgeni. Unamfuata aliye peke yake.

Oskar na Eli huzungumza usiku kwa kugonga ukuta, herufi za Morse, kila mmoja kwenye chumba chake. Kuta za zege ndizo zinazowatenga. Kakuma kuta ni za udongo na turubai; unamsikia jirani akikohoa, unajua watoto wake wamelala njaa au wameshiba. Kwa hiyo sisi hatuna udhuru wa zege.

Mtoto wangu yule naye alipata Eli wake. Walikuwa vijana wa mtaa mwingine wa kambi, wakubwa, wasiosoma. Jioni moja waliwangoja watoto wawili waliokuwa wakimwonea, wakawapiga vibaya sana karibu na laga ya Tarach, mto wa msimu. Kesho yake jerikeni ya Niko-niko ilifika nyumbani imejaa, na jina la Niko-niko halikusikika tena. Alitembea kifua mbele. Nilifurahi, nikasema moyoni kwamba mtoto amezoea shule. Kisha akaanza kulala darasani. Kisha akawa anatumwa usiku, hasemi anatumwa nini. Kabla ya mwaka kwisha aliacha shule. Mara ya mwisho kumwona alikuwa amebeba mzigo wa mmoja wa wale vijana, akimfuata hatua mbili nyuma, macho yakiwa chini.

Nilipomwona Håkan kwenye filamu, mzee aliyechoka, anayeinama kumtumikia Eli kwa kazi ya kutisha, nilimtambua kwa mwendo. Alfredson hasemi Håkan alianzaje, na kitabu kina habari zake nyingine, mbaya zaidi. Filamu ya Wamarekani inalitamka wazi kwa picha ya zamani: naye alikuwa mvulana mdogo siku moja. Wapo wanaoiona filamu ya Waswidi kuwa hadithi ya mapenzi, na sitabishana nao kabisa, kwa sababu Eli anampenda Oskar kweli. Hilo ndilo gumu. Vijana wale nao, nina hakika, walimpenda mtoto yule kwa namna yao. Walimlisha, walimlinda. Mtoto asiyepata mtu mzima wa kumwambia karibu atajibu hodi ya yeyote atakayebisha.

Kilele cha filamu kinatokea kwenye bwawa la kuogelea. Mwalimu ametolewa nje kwa hila, moto umewashwa kwenye takataka ili ashughulike nao. Kaka yake Conny anamshika Oskar nywele, anamzamisha, anamwambia akae chini ya maji dakika tatu la sivyo atatobolewa jicho. Kamera inabaki chini ya maji pamoja na Oskar. Kimya. Halafu vitu vinaanza kuanguka majini, polepole, na tunaelewa ni viungo vya watu. Mmoja wa wale watoto ameachwa hai, ameketi ukingoni analia. Katika filamu nzima hakuna anayemtazama mtoto huyo, ila kamera, kwa sekunde chache. Naye ana miaka 12. Naye alihitaji mtu mzima wa kumzuia mkono wiki kadhaa kabla.

Kakuma inaijua sinema. Kuanzia mwaka 2001 shirika la FilmAid lilionyesha filamu kambini usiku, watu wakiketi mchangani mbele ya skrini kubwa, na vijana wa kambi wamejifunza kushika kamera na kusimulia habari zao wenyewe. Filamu hii si ya kuonyeshwa hapo, mbele ya watoto. Damu yake ni nyingi na baadhi ya mambo yake si ya umri wao. Ningetaka ionyeshwe kwa walimu, Lodwar na Kakuma, katika chumba kimoja, mchana, na wasiondoke taa zikiwashwa. Waanze na lile tukio la shavu, kabla ya lolote la mnyonya damu. Na ningetaka vijana wetu wenye kamera watengeneze ya kwao, bila theluji, yenye bomba na jerikeni.

Wewe usiyeweza kungoja filamu, leo jioni mtoto akirudi na alama usoni akasema ameanguka tu, usiishie kwenye pole. Keti naye chini, muulize ameangushwa na nani, na akinyamaza muulize tena kesho. Ikikuzidi, piga simu nambari 116. Ni ya watoto, hailipiwi, na inapokewa usiku na mchana, Lodwar kama Nairobi.